Texas na Kahawa Iliyopoa

Leo nusura niwadanganye nyote kuhusu Texas.

Mnajua kila alasiri nawasomea khabari za redio barazani. Leo karatasi ilikuwa tayari: uchaguzi wa Marekani wa 1968, mgombea wa Republican kashinda, na Texas imemchagua yeye.

Hilo la Texas nililidhania tu. Redio yangu iliishiwa betri kabla ya majimbo kutajwa, na bandari nzima hii ya Matrah hakuna betri mpaka meli ije.

Nikenda kwa jirani yangu Salum. Anazo, lakini anazibania. Mama yake kabaki Unguja, na kila Ijumaa Salum hungoja salamu zake redioni.

Akanimiminia kahawa. Nikaweka kikombe chini bila ya kunywa. Kwa desturi ya hapa Maskati, mgeni asiyekunywa ana haja, na mwenyeji hana raha mpaka aitimize.

"Mwaka mmoja tu hapa, ushajua kunitega!" akasema Salum. "Haya, sema."

"Nataka kujua Texas imemchagua nani."

"Texas una shangazi huko?"

Akacheka, akafungua redio.

Texas imemchagua aliyeshindwa!

Salum akazima pale pale. "Kwa hivyo wao walimtaka mwengine, na watatawaliwa na huyu?"

"Ndiyo."

"Maskini. Haya kunywa, imepoa."

Nimeinywa baridi, kisha nikaifuta ile sentensi.

Ahsante, Salum.

Na nyinyi, nani ana betri za redio, japo zilizotumika kidogo? Ijumaa ni keshokutwa.