Mkono Wangu Ulivyompokea Mama Mkwe

Nacheka sasa, lakini siku ile ningepata shimo ningeingia nijifiche. (Mashimo nilikuwa nayo, tena mawili, ila yalitosha mkono tu.)

Hapa kwetu Giakanja msichana akishaolewa, mama yake hukusanya akina mama wenzake wakamletea vyombo vya nyumba, ndiyo itega, na mimi mwalimu wa historia nilikuwa naiogopa kama mtihani, kwa sababu siku ya kupeleka mahari mama mkwe alinishika mkono, akaupinduapindua, akasema mbele ya watu wote, "Hii mkono ni ya chaki tu. Msumari ikitoka kwa nyumba, itarudishwa na nani?" Watu walicheka, nami nikacheka, lakini iliniuma.

Basi asubuhi ya itega mke wangu Wangechi akaniambia mama analeta birika la umeme, na sebuleni hatukuwa na soketi hata moja. Nikaona Mungu amenifungulia mlango! Ukuta kati ya sebule na chumba cha kulala ni fremu ya mbao tu, plaiwudi huku na huku na uwazi katikati, nikasema nitaweka soketi mbili, moja kila upande, na birika lichemke mbele ya macho yake.

"Kariuki, si ungoje fundi kesho?"

"Ati fundi? Fundi ni mtu kama mimi."

Nikazima umeme kwenye swichi kubwa (mjinga nilikuwa, lakini si wa kiasi hicho), nikakata shimo upande wa sebule, nikaenda chumbani nikakata lingine papo hapo, yakatazamana, kisha nikalala sakafuni nikaingiza mkono kuvuta waya niliouacha sebuleni. Mkono ukapita vizuri. Kurudi, ukakataa. Saa yangu ya chuma, ambayo mama mkwe mwenyewe alinizawadia na niliivaa kwa ajili yake, ilikuwa imenasa kwenye msumari ndani ya ukuta, nikivuta inakaza, nikivuta tena inakaza zaidi, na hapo ndipo nikasikia vigelegele langoni.

Wimbo ukaingia sebuleni, sufuria zikagongana, halafu mama mmoja akapiga ukelele.

"Ngai! Kuna mkono kwa ukuta!"

Sikujua la kufanya. Nikawapungia.

Mayowe yaliyofuata hayaelezeki. Yalipotulia nikamsikia mama mkwe akiuliza huo mkono ni wa nani, na Wangechi, huku akizuia kicheko, akajibu, "Ni mwalimu, mami. Anaweka soketi."

Vidole vikashika vyangu, vikaupinduapindua mkono kama siku ile. Nikafumba macho, nikajua nimekwisha.

"Wacha kuvuta, mwalimu. Sukuma ikuje huku."

Nikasukuma, saa ikachomoka msumarini, akaivua, lakini kabla ya kuuachilia mkono akawaita wenzake. "Kujeni muone! Iko na lengelenge. Chaki hailetangi lengelenge."

Nilifurahi kuliko siku ya harusi, nimelala pale sakafuni na vumbi la mbao puani.

Chai ilichemshwa kwa kuni. Soketi aliziweka fundi kesho yake, nami nimeapa sitaingiza tena mkono ukutani, hasa siku ya wageni. Ila mama mkwe hasahau: hata leo akija, kabla ya kuketi hugonga ule ukuta na kuuliza, "Mwalimu, mkono iko?"

Na mimi, mtu mzima, hujibu kutoka chumbani, "Iko, Mama."