Chupa ya Rozimari

Nilimpelekea mama, kule Mandawa, chupa ndogo ya mafuta makali ya rozimari kwa ajili ya magoti yake. Nikamwambia atie matone mawili kwenye kijiko cha mafuta ya ufuta ndipo ajichue. Lakini mama ni mkulima wa ufuta. Ameona magunia yaliyotiwa mchanga yakikataliwa mnadani. Kwake, kuchanganya ni kuchakachua. Mafuta yale akayapaka hivyo hivyo, asubuhi na jioni.

Niliporudi kwake kutoka Nachingwea, ninakoishi, baada ya wiki mbili, chumba kilinukia vizuri na magoti yake yalikuwa yamebabuka. Nikafoka, “Yalipoanza kukuunguza, mbona hukuacha?”

Akayafunika magoti kwa kanga.

“Ningeachaje, mwanangu, na umeninunulia wewe? Yameisha. Utaniletea mengine?”