Siki na Kikaango Kilichotobolewa

Siku ile naikumbuka kwa harufu ya siki, mwanangu, kwa hiyo usishangae nikikunja uso unapofungua hiyo chupa. Umeniomba nikufundishe kusafisha nyumba bila kumaliza mshahara wa mumeo kwa sabuni, maana harusi yako ni mwezi ujao, na nimekubali. Lakini umeuliza pia kwa nini nimetundika ukutani kikaango chenye tundu ukingoni, ambacho hujawahi kuniona nikikipikia. Nitayajibu yote mawili kwa pamoja. Keti, na uweke hiyo simu mbali.

Siki nilifundishwa Homa Bay, miaka ya tisini mwanzoni. Nilikuwa msichana wa kazi kwa mke wa mwalimu mmoja, mama bahili kweli kweli, Mungu amlaze pema. Sabuni ya unga aliifungia kabatini, na ufunguo ukakaa kifuani mwake. Chupa moja ya siki nyeupe ilimtosha mwezi mzima. Kikombe kimoja cha siki, vikombe vitatu vya maji, kitambaa cha fulana kuukuu, na gazeti la kufutia vioo. Birika likiota ukoko wa maji ya kisima, alilichemshia siki na ukoko ukabanduka. Mikono ikinuka omena, wale dagaa wa ziwani, siki. Sinki likinuka, siki. Nilipoolewa na Ouma, kijana wa Nyatike aliyekuwa akichimba dhahabu Macalder, mama yule alinipa zawadi mbili, chupa ya siki na kikaango kizito cha chuma. Sikuwa na kitu kingine cha kuringia.

Na niliringa, nisikudanganye. Sisi ni watu wa Sabato, na Ijumaa nyumba lazima iwe safi kabla jua halijatua. Yangu ilikuwa safi kabla ya saa sita mchana. Wake za wachimbaji wakanipa jina, Min Siki, yaani mama wa siki. Walikuwa wakinitania, lakini nililipenda. Mtoto wetu, Achieng, alikuwa na miaka miwili, na kazi yake kubwa ilikuwa kuchora mlango wangu kwa makaa. Namchapa kidole, nafuta. Kesho yake amechora tena, halafu ananiita nije nione.

Sasa, dhahabu ya Macalder haitoki ardhini ikiwa inang'aa kama unavyoiona dukani. Mawe yanasagwa, unga wake unaoshwa, kisha unatiwa zebaki, ambayo inashika chembe za dhahabu zikawa donge. Donge hilo linachomwa kwenye chombo cha chuma. Zebaki inapotea hewani, dhahabu inabaki. Mama mkwe wangu alikuwa ameishi na kazi hiyo tangu ujana wake, na alikuwa na sheria mbili. Chombo cha kuchomea kilitobolewa ukingoni kwa msumari, ili mwanamke yeyote atakayekishika ajue kwa kidole kwamba hicho si cha chakula. Na uchomaji ulifanyika nje, mbali, nyuma ya ua, watoto wakiwa wamefukuzwa. Hakunieleza sababu, nami sikuuliza.

Basi kopo la Ouma la kuchomea likaoza. Akachukua kikaango changu bila kuniomba. Nilikikuta nyuma ya ua kimeingia madoa ya kijivu, nikalia kwa hasira. Mama mkwe akaja na msumari mkononi, na jiwe la kugongea.

"Nyar Kochia," akaniambia, yaani binti wa Kochia, maana ndiko kwetu, "hicho kimeshakwenda. Lete nikitoboe. Ouma atakununulia kingine."

"Mama, nina siki," nikajibu. "Nitakisafisha."

"Wewe unasafisha kile unachokiona," alisema.

Nilimwona mzee wa zamani asiyejua mambo. Nilikiloweka kikaango kwa siki na chumvi, nikakisugua kwa mchanga, nikakipaka mafuta. Kikatoka kizuri. Jioni hiyo nikakaangia omena, na mama mkwe akakataa kula. Akala ugali kwa sukuma wiki, nami nikaudhika kwamba ananiaibisha mbele ya mume wangu.

Tangu hapo Ouma akawa anakiazima kila apatapo donge, kwa kuwa alijua nitakisafisha. Ndipo nikajifanya mjanja zaidi. Kikaango kingeachwa nje kwenye mvua kingeshika kutu, na mimi sikutaka kutu. Nikamwambia Ouma achomee jikoni mwangu. Hayo ni maneno yangu, mwanangu, yeye hakuniomba. Nimeyasema mbele ya Mungu mara nyingi, leo nayasema mbele yako.

Ijumaa moja ya masika, Ouma alirudi na donge kubwa kuliko yote aliyowahi kupata. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi. Mama mkwe alikuwa ameenda matangani kwa ndugu zake, la sivyo angetufukuza wote wawili na kikaango chetu. Tulitaka kumaliza kabla ya Sabato kuingia. Upepo ulikuwa unapiga mvua hadi kwenye moto, nikafunga mlango. Achieng alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na mafiga. Ouma akachochea moto, mimi nikawa nafuta dirisha, kisha mlango, nikaondoa na michoro ya makaa. Hapakuwa na moshi wa ajabu wala harufu mbaya. Nilisikia harufu ya siki tu, nikafurahi kwamba nyumba inanukia usafi.

Usiku tulikohoa sisi watatu. Asubuhi mimi na Ouma tulikuwa na homa, lakini Achieng alikuwa anapumua haraka haraka, mbavu zikiingia ndani. Tukadhani ni malaria, tukampa vidonge. Jumapili tukampeleka hospitali Migori. Daktari alimpima, kisha akauliza baba anafanya kazi gani. Ouma alipotaja Macalder, daktari akaweka kalamu chini.

"Mlichomea ndani ya nyumba?" akauliza. "Na mtoto alikuwa hapo?"

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia nyumba yetu ni safi. Nilimwambia naosha kila kitu kwa siki, vyombo, meza, hata madirisha. Nilikuwa namwambia hivyo nikimshika mkono asiondoke. Hakunikaripia. Alinieleza polepole kwamba zebaki ikipata moto inakuwa mvuke usioonekana, na mvuke huo umeunguza mapafu ya mtoto. Achieng alifariki Jumanne, kabla ya saa nne asubuhi.

Nilimngoja mama mkwe anilaumu. Nilitamani anilaumu. Alikaa tu kando yangu matanga yote, ananinywesha uji kwa nguvu. Siku ya tatu baada ya mazishi nikamwomba msumari. Yeye akashika kikaango, mimi nikagonga kwa jiwe. Chuma kilikuwa kinene, ilichukua muda mrefu, na hakuna aliyetusaidia. Ouma aliacha mgodi, akaenda kisiwa cha Remba kwenye biashara ya omena, na hadi kufa kwake hatukuwahi kutamka ni kosa la nani. Nilijua.

Nilitafuta alama yoyote ya Achieng mle ndani, mwanangu, hata mstari mmoja wa makaa. Mlango ulikuwa safi. Nilikuwa nimeufuta mwenyewe.

Basi sikiliza, hili ndilo somo uliloniomba. Tumia siki, ni kitu kizuri na cha bei nafuu. Itakuondolea ukoko kwenye birika, shombo mikononi, mafuta kwenye meza. Usiichanganye kamwe na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, maana hiyo nayo hutoa hewa inayochoma kifua. Chombo kilichoshika sumu, iwe dawa ya ng'ombe, ya shamba au ya mgodi, kitoboe siku hiyo hiyo, hata kama ulipewa na mtu unayempenda. Usikionee huruma. Moto wa kazi usiuingize jikoni. Na mama mkwe wako akikukataza jambo, muulize ameona nini kabla hujamwonyesha ujanja wako. Mimi singekuwa na cha kukusimulia leo kama ningeuliza.

Chukua chupa hii, na kikaango hiki kitundike jikoni kwako, tundu likiwa juu, ulione kila siku. Nenda na baraka zangu. Mungu akulinde wewe na mumeo, akupe mkono mwepesi na sikio la kusikia. Akupe nyumba safi, mwanangu, na akupe watoto wa kuichafua.