Kichwa Kilichojinyoa

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipitisha chanuo kichwani likatoka na bonge la nywele. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa na miezi minne. Kwetu Malampaka, siku zile, mwanamke alinyolewa akifiwa. Sasa kichwa changu kilikuwa kinajinyoa chenyewe, na hakuna aliyekufa. Nilimtazama mtoto alivyolala, nikainama nisikie kama anapumua.

Sikumwambia mtu. Ilikuwa enzi ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, maduka yaliyokuwa na chumvi tu yakajaa vitu, na pale stesheni mchuuzi aliuza vidonge vya kukuza nywele. Niliuza mayai yote ya kuku wangu, nikanunua kopo. Karatasi ilisema kimoja kwa siku. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikameza vitatu, nikishushia uji mtupu. Nywele zikazidi kunyonyoka. Nilizikuta mkekani, nikazikuta kwenye uji, na siku moja nilizikuta zimezunguka kidole cha mtoto, zimekaza hadi kimevimba.

Bibi yake mume wangu ndiye aliyezifungua. Akaniuliza taratibu, "Ng'wanone, mwanangu, unamlilia nani?"

Nikamweleza yote. Akaniambia mficha uchi hazai, ijapokuwa mimi nilikwisha kuzaa, akanipeleka zahanati. Muuguzi alisema wengi hunyonyoka baada ya kujifungua na nywele hurudi zenyewe. Ila mimi damu ilipungua kwa kula vibaya, na vidonge vikizidi navyo hunyonyoa. Nile mayai, maharage na dagaa.

Bibi alizikusanya nywele zangu, akazifunga kwenye pindo la khanga yake. "Kama huu ni msiba uliokosea njia," akasema, "utanikuta mimi. Wewe kula."

Nilikula. Nywele mpya zilipoanza kuchomoza, bibi alilala asiamke. Tulipotoka makaburini tukakaa kusubiri wembe. Mama aliyekuwa ananyoa, mgeni kutoka Lingeka, alinipapasa kichwa, akanipita.

"Wewe ulishanyolewa," akasema. Hakuna aliyekuwa amemsimulia.

Mpaka leo nikikumbuka naogopa. Ninalolijua nakupa, mwanangu: mwili ukikupa dalili, sema, ukapimwe. Usiuze chakula chako ukanunue kopo, wala usizidishe dawa ukidhani wingi ndio uponyaji. Mungu akupe afya, na akujalie mtu aliye hai wa kukuuliza unamlilia nani.