Mistari Miwili ya Chaki

Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya taa juu ya maji machafu, mimi huvuka njia. Miaka ile ya vita Mtongwe ilijaa wanamaji, na serikali ilichukia mbu kuliko ilivyomchukia adui. Kila Alhamisi alikuja bwana afya, mwanamume mpole mwenye kaptura ya kaki na debe la mafuta. Alichungulia mitungi, akanyunyiza mafuta mtaroni, kisha akachora mstari mmoja wa chaki mlangoni kuonyesha nyumba imekaguliwa. Kila nyumba mtaani ilikuwa na mstari huo.

Shangazi yangu Mwanamkuu alirudi kwetu baada ya kuachwa na mumewe. Alikuwa amejifungua mtoto mfu, homa ikampanda kichwani, na alipoinuka kitandani hakuwa yule tuliyemjua. Mara aanguke kifafa, mara aongee siku tatu bila kulala, mara alale kifudifudi wiki nzima. Watu walimshauri baba ampeleke bara, kwenye hospitali ya wenda wazimu. Baba alikataa; dada yake, alisema, ni mgonjwa, si mtu wa hila, na mgonjwa huuguzwa kwao. Siku moja shangazi akinisuka, akaninong'oneza kwamba bwana afya anampenda, na kwamba ule mstari ndio barua yake. "Hukumsikia? Kasema tufunike mitungi. Ananionea uchungu, mwanangu." Mimi na mama tulimtania, tukamwita bibi harusi wa debe.

Masika ikaja, mvua ikafuta chaki, na kwa matope yale bwana afya hakuonekana Alhamisi mbili. Shangazi akagoma kula. Alikaa kizingitini akipapasa ubao wa mlango, akisema ameachwa tena. Nilikuwa na miaka tisa na nilimpenda kupita kiasi. Usiku wa siku ya nne, alipolala, nikatoa kipande cha chaki nilichokiokota shuleni, nikachora mstari mlangoni. Nikaona mmoja hautoshi kwa huzuni ile, nikaongeza wa pili.

Alikula. Aliimba akioga, akajitia hina, na Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, akabeba furushi lake la nguo mpaka nyumbani kwa bwana afya, karibu na feri. Alimkuta mke wa bwana yule akikuna nazi, akamwambia atoke nyumbani kwake. Majirani wa kule walimrudisha amefungwa kamba, puani damu.

Jioni bwana afya alisimama mlangoni kwetu, akionyesha ile mistari miwili. "Wallahi, mzee, mimi huweka mstari mmoja. Hata kwa jirani, mmoja."

Baba akautazama mlango, kisha akamgeukia dada yake. "Mwanamkuu, umejichorea mwenyewe?"

"Sikuchora, kaka. Haki ya Mungu, sikuchora."

Katika yote aliyoyasema mwaka ule, hilo ndilo lililokuwa kweli, na hakuna aliyelisadiki. Mimi nilikuwa nyuma ya mama, chaki nimeifunga pembeni mwa leso yangu. Baba akasema basi, hila imeingia. Jumatatu walimpandisha gari moshi la kwenda bara, kwenye hospitali ile. Hakurudi, wala kaburi lake hatulijui.

Mjukuu wangu ni muuguzi. Ananiambia siku hizi maradhi yale yana jina na vidonge, na kwamba shangazi angemwendea yule bwana hata bila mistari yangu. Huenda. Baba aliishi miaka thelathini baadaye, akinituma dukani, akinibariki, akiniita msema kweli wake. Kila mara niliitika, "Abee, baba."