Kumtafutia Mashoto Mwalimu

Dada yangu ni fundi cherehani, na sisemi hivi kwa kuwa ni dada yangu: akikutazama mara moja tu unapoingia mlangoni, ameshajua kiuno chako, mabega yako, na ule upande mmoja wa nyonga uliopanda ambao wewe mwenyewe hujawahi kuujua. Utepe wa kupimia huushika kwa kumheshimu mteja tu. Mimi kazi yangu ni pindo na vifungo, na kuongea, maana yeye kuongea ameniachia mimi.

Ana mabinti wawili. Nimesema "ana", basi liacheni lilivyo. Wa kwanza tulimwita Mashoto, kwa sababu kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto, hata kukupungia alipokuwa akiondoka. Wa pili ni Kitinda. Baba yao alishika njia yake zamani na hana nafasi katika habari hii. Mashoto alikuwa kidato cha mwisho homa ilipomwingia, ikamchukua kabla majirani hawajamaliza kuulizana mgonjwa anaendeleaje. Mtihani ulikuwa umekaribia. Sare yake ilibaki nyuma ya mlango, imepigwa pasi.

Dada hakulia. Alikaa tu. Chakula kilitoka jikoni na kurudi jikoni kama kilivyokwenda, siku nenda siku rudi, mpaka gauni lake mwenyewe likawa kama la mtu mwingine. Kisha jioni moja nilimpikia supu, akala. Akamaliza bakuli zima. Tangu siku hiyo, nikikorofishwa katika nyumba ile, huwa nawakumbusha wote kwamba supu yangu ndiyo iliyomrudisha mwanamke huyu duniani.

Sasa zamu ni ya Kitinda. Kidato kile kile, mtihani ule ule, na mambo si mazuri. Mwalimu wake wa darasa alimwita dada akamwambia kwamba hesabu zinamshinda mtoto. Yale anayoyajibu anayapata, lakini kengele ikigonga hajafika hata nusu ya karatasi. Akienda hivi ataanguka tu, bora atafutiwe mtu wa kumfundisha nyumbani. Dada alirudi uso umemkauka.

"Huyu lazima aufanye ule mtihani," aliniambia. "Na aufaulu."

Sikuuliza huyu ni yupi. Nilidhani najua.

Wa kwanza kuja alikuwa kijana wa chuo kikuu, mwembamba, simu haimtoki mkononi. Dada alimkalisha kwenye kiti cha wateja, katikati ya vipande vya vitambaa, akamweleza mwanafunzi wake kinagaubaga. "Maumbo hayamsumbui. Zile hesabu za herufi ndizo zinamtoa jasho. Usimlazimishe kusoma kwa sauti, ana haya. Na usimsifu sana, ukimsifu anabweteka."

Kijana akaenda kujiandaa kwa hesabu za herufi. Baada ya siku chache alinivizia nje, ameinamisha kichwa.

"Samahani, mama. Huyu binti hizo hesabu za herufi anazitafuna tu. Maumbo ndiyo yanamchanganya, na hata hapo tatizo si kutojua, ni kuchelewa. Halafu haya mnayosema iko wapi? Anaongea kunishinda mimi. Au nilielezwa habari za mtu mwingine?"

Nilimwambia mama yeyote akimweleza mwanawe hutia chumvi. Alicheka kidogo. Wiki iliyofuata hakuonekana.

Wa pili alikuwa mwanamke, mwalimu wa shule nyingine, mtu wa miwani na maneno machache. Naye alielezwa yale yale, neno kwa neno, kwa mpangilio ule ule. Huyu hakuzunguka. Alimwambia dada usoni, "Fundi, mtoto uliyenieleza simwoni hapa."

"Basi hujui kutazama," dada akamjibu, bila kuinua macho kwenye mashine.

Wakaachana hivyo. Mimi nilikuwa natia vifungo vya shati la mtu, na sindano ikaniingia kidoleni. Haya ya kusoma kwa sauti, kubweteka ukisifiwa, kupenda maumbo. Vyote nilivijua, tena sana. Vilikuwa vya Mashoto. Dada alikuwa anapita mtaa kwa mtaa akimtafutia marehemu mwalimu.

Nilitaka kumwambia. Nilishafungua mdomo, wallahi. Ila hapo hapo alikuwa anakata sare mpya ya Kitinda, na kile kiolezo cha karatasi alichokilaza juu ya kitambaa kina jina la Mashoto limeandikwa kwa penseli. Ndiyo maana sare za Kitinda humbana mabegani. Watu wanatoka mbali kuja kushonewa na mwanamke huyu, na mwanawe anatembea kama amevaa nguo ya kuazima. Nikauma ulimi, nikanyonya kidole changu.

Tena kulikuwa na ile meza. Ipo chumba cha nyuma, imeegemea ukuta, na taa yake yenye shingo ya kupinda inakaa upande wa kulia. Anayeandika kwa kushoto huwekewa taa kulia ili mkono wake usimtilie kivuli, na dada aliipanga hivyo tangu Mashoto akiwa mdogo. Haikuwahi kusogezwa. Jioni nikipita na kumwona Kitinda ameinama pale, kichwa kimelala upande ule ule, mwanga umempiga shavu lile lile, naona kama ni Mashoto aliyekaa. Niliogopa, nakubali. Nilikuwa napita haraka na kujiambia damu ni moja, na sikuwahi kusimama nikatazama mara ya pili.

Wa tatu ndiye Mzee Chaki. Alishastaafu kufundisha, lakini viwiko vya koti lake havikuwahi kupata habari hiyo, vilikuwa vyeupe siku zote. Alisikiliza maelezo ya dada hadi mwisho, akashukuru, akaingia chumba cha nyuma. Siku ya kwanza hakufundisha chochote. Alimpa Kitinda maswali, akakaa pembeni akimtazama anavyoandika. Nikamwona anautazama ubavu wa kiganja cha mtoto, uliojaa wino.

Siku ya pili alisema hawezi kazi bila ubao, akaufunga mlango kati ya chumba kile na chumba cha kushonea, akasema mlango unatosha. Mimi nilikuwa ndani, nakunja nguo. Dada alikuwa upande wa pili, mashine yake inanguruma. Mzee akatoa chaki mfukoni.

"Daka!"

Akamrushia bila kumpa nafasi ya kufikiri. Kitinda akaidaka kwa mkono wa kulia, safi kabisa. Kisha akaihamishia kushoto, akaugeukia mlango, akaanza kuchora herufi moja moja, kama anayepanda ngazi na mzigo kichwani.

"Binti yangu," mzee akasema polepole, "na ule mkono uliodakia, una kosa gani?"

Kitinda, anayeongea hata usingizini, akautazama mlango kana kwamba anaweza kumwona mama yake kupitia ubao.

"Hebu uandikie huo. Mara moja tu."

Akaihamisha chaki. Na swali lile lililokuwa limemchosha tangu jana likatiririka toka juu hadi chini ya mlango, mistari imenyooka, jibu likapigiwa mstari, na chaki ikilia kwenye mbao ko-ko-ko bila kupumzika. Upande wa pili mashine ikakatika. Mlango ukafunguka, hesabu zote zikageukia ukutani, na dada akawa amesimama mbele ya mwanawe aliyeshika chaki kwa mkono wa kulia.

"Tangu lini?" dada akauliza. Hakuuliza tangu lini nini.

"Naandika kwa kushoto tangu alipokufa dada," Kitinda akasema. "Ulikuwa huli, mama. Mama mdogo anapika, wewe hugusi. Siku moja nilikaa kwenye kiti chake, nikashika kalamu yake kwa kushoto, kumkumbuka tu. Ukapita mlangoni. Ukasimama. Ukanitazama, ukaja ukakaa, ukala."

Supu yangu. Miaka yote hii najisifia supu yangu.

"Na shuleni?" Mzee Chaki akauliza, kwa sauti ya chini.

"Mara ya kwanza nilitumia wa kulia shuleni, wa kushoto nyumbani. Siku moja nikajisahau hapa, nikaandika kwa kulia. Mama akainuka mezani, hakula tena siku ile. Basi nikauacha kabisa."

Dada alishika fremu ya mlango. Kilio kilichotoka hapo sikuwahi kukisikia hata siku ya mazishi; kilikuwa kimekaa ndani muda wote, kinasubiri kuitwa. Aliita jina la Mashoto, lile jina lake halisi, ambalo hatukulitamka katika nyumba ile tangu alipozikwa. Mzee Chaki akavua kofia, akatoka nje bila kuaga. Kitinda akabaki ameganda, chaki imekatika mkononi. Nilimshika mabega, yamebanwa na ile sare, nikalia nami.

Taa ilibaki kulia siku kadhaa, hakuna aliyethubutu. Kisha asubuhi moja nikaikuta upande wa kushoto, na pale ilipokaa zamani pamebaki duara jeusi la kitako chake, ambalo halitoki hata ukisugua kwa maji ya moto. Mzee Chaki alikuwa amerudi. Alisema muda upo wa kutosha, mkono haujasahau kitu.

Mwisho wa wiki ile dada alimwita Kitinda chumba cha kushonea. "Simama hapa." Akachukua utepe. Yeye, mpima kwa jicho! Akapima bega hadi bega, akarudia, kama anayempima mteja aliyeingia kwa mara ya kwanza.

"Mapana," akasema. "Mabega ya bibi yako haya. Sikuyajua."

Akatandaza karatasi mpya mezani, akachora, akakata. Kiolezo cha zamani hakukitupa, alikikunja taratibu akakiweka kabatini. Kisha akamnyooshea mwanawe penseli ili aandike jina kwenye kile kipya, maana kila kiolezo lazima kiwe na mwenyewe.

Kitinda akaipokea kwa kushoto. Mazoea. Dada akautazama mkono ule kwa muda mrefu, na nikajua alikuwa anauaga. Kisha akaichomoa penseli kidogo kidogo toka kwenye vidole vile, akaiweka katika mkono wa pili.

Kitinda hakuandika. Alikuwa anamwangalia mama yake usoni, anatafuta kitu.

"Mama, utakula?"

"Nitakula," dada akasema. "Andika jina lako."