Pini, Uzi na Kifua cha Kaka Yangu

Yule mchoraji mnayemwona magazetini, aliyenyoa pembeni akasimamisha nywele katikati mithili ya kishungi cha kuku, nywele zile nimezikata mimi. Mimi ni shangazi yake, nina saluni, na mwenye neno juu ya kichwa kile aje aniambie mimi. Walisema nimemharibu binti wa kaka yangu. Haohao leo wananibembeleza niwakutanishe naye wapige picha. Loo!

Tunamwita Pini. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo sana, nikahamia kwa kaka nikawalea wote wawili, maana kaka naye alihitaji kulelewa. Kaka ni fundi cherehani, na si fundi wa kubahatisha. Suruali aliyoiziba yeye, igeuze ndani nje, ipeleke juani, hutaona palipochanika. Sindano yenye uzi haimtoki kwenye ukosi wa shati hata akienda harusini. Kwake nguo iliyochanika ni aibu ya mwenye nayo na ya mtaa mzima. Sasa mtu huyo ndiye akapewa mtoto anayechana nguo makusudi.

Alikuwa bado sekondari alipoanza kusikiliza muziki wa panki. Mara ya kwanza nilidhani redio imeungua. Magitaa yanakwaruza, mtu anafoka kama amebanwa kidole na mlango. Nikamwambia azime. Akanijibu, "Shangazi, hawa hawajui kuimba, na hawamwombi mtu radhi." Hapo nikamwelewa, kwa sababu hata mimi kuomba radhi si fani yangu.

Wiki ileile akachukua jaketi lake, akalipasua mgongoni, akaubana mpasuko kwa pini zile za nepi za watoto, akalivaa, akapita nalo mbele ya baba yake. Kaka akalitazama, akarudi kwenye cherehani yake. Mtoto alipolivua, kaka akang'oa pini zote, akalishona, likawa kama limetoka dukani. Mtoto akalichana palepale. Kaka akashona tena. Wakaenda hivyo mpaka akamaliza shule, na hakuna aliyemtamkia mwenzake neno juu ya lile jaketi. Mezani ni nisogezee chumvi, asante, basi. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, halafu nikiingia chumbani nalia. Wanapendana, wana vichwa vigumu, na hakuna anayejua aanzie wapi.

Ni jaketi lile lililomfanya mchoraji. Alianza kulipaka rangi kuzunguka pini, akahamia kwenye mashuka, kisha kwenye maturubai chakavu ya malori. Nikampa banda lililo nyuma ya saluni. Anatumia rangi ya kupakia mageti, na kukwangulia anatumia vitana vyangu vilivyong'oka meno. Anafungulia ile kelele yake mpaka wateja wangu wanashika masikio, anachora kwa mikono yote miwili, rangi mpaka kwenye kope. Anachora watu wa kawaida, wakubwa kama ukuta: mfagia barabara, mlinzi anayesinzia, mimi mwenyewe na mkasi wangu. Na hakuna hata mmoja mwenye sura ya kuomba msaada. Hilo linanipendeza kuliko yote.

Picha ikishakamilika, anachukua wembe, anaichana. Mpasuko mmoja, mrefu. Anaubana kwa pini ukiwa umeachama kidogo, kisha anawasha taa nyuma yake, mwanga unapenya pale. Siku ya kwanza nilipiga kelele. "Wee mtoto! Kitu kizuri hivi unakichana kwa nini?"

"Nionyeshe mtu mmoja ambaye hajachanika, shangazi," akasema, "nami nitaacha."

Nikachukua mkasi wangu, nikarudi kwa wateja. Na mimi kumwachia mtu neno la mwisho, waulize majirani, ni habari.

Sifa zikaanza kumfuata. Wageni wakaja bandani, na baadaye ukumbi mkubwa wa picha, ule wenye sakafu unayoogopa kuikanyaga, ukampa maonyesho yake peke yake. Kaka hakuwa amekanyaga bandani hata siku moja. "Yeye ana kazi yake, mimi nina yangu," ndilo lililokuwa jibu lake. Pini akamchora. Akamchora ameinamia cherehani, futi ya kupimia shingoni, na mpasuko ukashuka kifuani kuanzia ukosini hadi kwenye mkono ulioshika sindano. Akaniambia, "Shangazi, niletee baba. Asiposema kitu, sawa. Nataka tu aitazame." Aliyasema hayo akichokonoa rangi kwenye kucha, huyu huyu asiyeogopa mtu.

Nilimvuta kaka asubuhi ya ufunguzi, kabla ya wageni, kwa kuwa hapendi msongamano. Nikamwacha mbele ya picha yake, nyingine zikiwa bado zimefunikwa, nikaenda msalani kumsimamisha Pini nywele, zilikuwa zimelala upande mmoja, ikachukua karibu saa nzima. Tuliporudi, lahaula! Kaka amepanda kwenye kiti, miwani puani, anakata uzi kwa meno. Pini zimepangwa juu ya leso yake. Mpasuko haupo. Kifua kizima, taa ya nyuma haionekani, na mshono, kama kawaida yake, huoni kitu.

Mwenye ukumbi, mama mmoja wa miwani mikubwa, naye alikuwa ndiyo kwanza anaingia. "Mzee! Umefanya nini?"

"Kuna mshenzi ameichana picha ya mwanangu," kaka akasema bila kugeuka. "Mwenyewe maskini kabana kwa pini, hajui kushona. Nimeiwahi kabla watu hawajaiona."

Nilijua hapa patachimbika. Pini akasogea, akapitisha kidole kifuani pa picha.

"Baba, sioni ulipopita."

"Huwezi kuona," kaka akasema, na kichwa kikainuka kidogo.

"Niliichana mimi."

Kaka akavua miwani. "Wewe? Umenichana kifua mbele za watu?"

"Tangu mama aondoke hujalia mbele yetu hata mara moja," Pini akasema, na machozi yakaanza kumtoka. "Umejishona, hakuna anayeona palipochanika. Lakini mimi ni mwanao, baba. Mimi napaona."

Mwenye ukumbi, huku anachungulia mlangoni wageni wakikusanyika, akanong'ona kwamba tuiache ilivyo, inapendeza hata hivyo. Pini akatikisa kichwa. "Kama imeshonwa, ishushwe. Siwezi kuonyesha uongo." Mtoto wangu huyo! Siku kubwa kuliko zote maishani mwake, na hapindi hata kidogo.

Kaka akaupapasa ule mshono wake. Kisha akanyoosha mkono. "Leta wembe."

Pini akampa.

"Kuchana siwezi," kaka akasema. "Nitafumua."

Akafumua. Mtu ambaye hajawahi kuifumua kazi yake iliyokaa sawa, hata mteja apige magoti, alifumua mshono mmoja baada ya mwingine, wageni wakiingia na kumzunguka. Akaokota pini ya kwanza. "Hii inakaa wapi?"

"Popote tu, baba."

"Kwenye kitambaa hakuna popote. Nionyeshe."

Akamwonyesha. Wakazirudisha zote, vichwa vyao vimegusana, kile kishungi kikimchoma kaka sikioni. Ya mwisho ilipoingia, mwanga ukapenya kifuani ukamwangukia usoni. Kaka akalia. Hakujificha na hakufuta, alisimama pale pale mbele ya watu wote, mkono begani mwa binti yake. Nami nililia kwa sauti, rangi yote ya macho ikanimwagika, na sijali.

Wageni walipopungua, mwenye ukumbi akaisogelea picha na kugundua vitundu vidogo vya sindano vimesimama kwa mstari pande zote mbili za mpasuko. Akasema ana mtaalamu wa kuviziba, kesho havitaonekana.

Pini alifungua mdomo, lakini kaka alimtangulia.

"Viache," akasema, huku akiirudisha sindano ukosini. "Hivyo ni vyangu."